Masikio Kwanza

Mtoto ana miaka 2 na bado hajaunganisha maneno mawili, kama "mama, maji". Majirani washaanza: "Wazazi walikosea wapi?" Mama naye anauliza, kumpeleka kliniki ni kukosa imani?

Hapana. Katika Marko 7, Yesu alimtoa kwa umati yule kiziwi mwenye ulimi mzito, akaanza na masikio, ndipo akagusa ulimi. Asiyesikia vizuri atajifunzaje kusema?

Basi omba, na umpeleke apimwe masikio. Nyumbani zima TV. Ukimwogesha, ongea naye. Taja sabuni, taja maji, kisha nyamaza umngojee.

Kuchelewa kusema si hukumu juu ya mzazi. Lakini tukikaa tu na kuita hiyo imani, tumemwacha mtoto peke yake.