Silaha za Sauli na RAM Isiyoingia

Kabla hujaendelea, soma 1 Samweli 17:38-40. Mistari mitatu tu.

Hapa Tanga wengi wetu tunaotaka kompyuta ya kuhariri video za kwaya au kucheza gemu hatununui mpya. Tunachukua ya mtumba, halafu tunaiongezea nguvu kidogo kidogo, na mara nyingi tunaanza na RAM. Ukienda kwa fundi makini pale Ngamiani, kabla hajakuuzia atakuuliza: mazabodi yako inakubali RAM gani?

Swali hilo si la mzaha. RAM ya DDR3 ina pini 240, ya DDR4 ina 288. DDR5 nayo ina 288, ila lile pengo dogo la chini limehamishwa makusudi ili usichomeke pasipo pake. Ukilazimisha, unaharibu sloti. RAM ilikuwa nzima, mazabodi ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba hazikutengenezwa kukaa pamoja.

Ndicho kilichompata Daudi. Mfalme amemvika kofia ya shaba na deraya, vitu vya gharama. Kijana anajaribu kutembea, anashindwa, kwa sababu hajavizoea. Anavivua mbele ya mfalme, anashika fimbo na kombeo lake, anaokota mawe laini matano kijitoni. Angeona aibu kuvirudisha, angekufia ndani ya vazi la mtu mwingine.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alipenda kanuni moja ya kifalsafa: kila kinachopokelewa hupokelewa kwa kadiri ya yule anayepokea. Sasa fikiria dada anayesoma kozi aliyochaguliwa na mjomba, kila muhula analia. Au kaka anayetaka seminari kwa sababu rafiki yake amependeza na kanzu. Kozi ni nzuri, kanzu ni nzuri. Lakini je, ni sloti yako?

Kuna jambo la pili, wacheza gemu wanaliita ovakloki: unaingia kwenye BIOS na kuisukuma RAM ikimbie kuliko kawaida. Unajua kwamba RAM nyingi za DDR4 zilizoandikwa 3200 huanza na 2133 au 2400 mpaka uwashe profaili ya XMP? Wapo vijana wa hivyo. Mungu kawapa 3200, wanaishi kwa 2133. Sauti anayo, kwaya haendi. Akili anayo, anaifukia kama yule mtumishi wa Mathayo 25. Huyo tusimwambie apumzike. Tumwamshe!

Ila yupo wa upande wa pili, anayevuka hata kile kilichoandikwa. Hapa nisikilize vizuri. RAM iliyosukumwa kupita uwezo wake si lazima izime kompyuta. Mashine inawaka, muziki unapiga, unaona mambo freshi. Kumbe ndani data zinageuka kidogo, faili linahifadhiwa likiwa bovu, na hujui. Baada ya wiki unafungua video ya harusi ya watu, haifunguki. Ndiyo maana wanaojua huendesha MemTest86 usiku kucha kabla ya kuiamini. Hitilafu moja ikitokea, wanapunguza kasi. Na joto letu la Februari huku pwani halimsamehi mtu: iliyotulia usiku inaweza kuyumba mchana.

Roho nayo ni hivyo hivyo. Kazini mchana, darasani jioni, kwaya, kamati ya vijana, saa nane usiku bado uko kwenye simu. Unawaka, ndiyo. Lakini mama unamjibu vibaya, rozari imekuwa maneno matupu, kitubio unaahirisha mwezi wa tatu sasa. Hayo ndiyo mafaili yanayoharibika kimya kimya.

Nabii Eliya alifika hapo. Katika 1 Wafalme 19 amelala chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu hakumkaripia. Malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, akalishwa tena, ndipo akatembea siku arobaini mpaka Horebu. Yaani jibu la kwanza la Mungu kwa mtu aliyechoka lilikuwa chakula na usingizi.

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa 7 Septemba 2025, alipenda kompyuta na alitengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Gemu nazo alizipenda, lakini inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Alijua kikomo chake akiwa bado kijana mdogo.

Wiki hii, kila usiku, weka simu mbali dakika kumi, ujiulize: Leo nimevaa silaha za nani? Nimefukia nini? Nimejisukuma wapi kupita nilivyoumbwa? Ukiona hitilafu ileile inajirudia usiku hadi usiku, usiifiche. Mtafute padre wa parokia yako, ongea naye.

Tusali: Ee Bwana, wewe uliyenitengeneza unajua ninachoweza kubeba. Niamshe ninapolala, nitulize ninapojichosha, unipe ujasiri wa kuvua kisicho changu. Amina.