Kujua si Kujuana

Kuna herufi tatu za Kiswahili zinazonisumbua siku hizi: -ana. Kuona na kuonana, kutuma na kutumiana, kujua na kujuana. Ukinijua, si lazima nami nikujue. Sasa najiuliza: teknolojia hizi mpya zinazifanya nchi zijuane, au zinazifanya zijue tu?

Nauliza nikiwa Ikoma, pembeni mwa Hifadhi ya Serengeti, ambako swali hili lina pembe na kwato. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kila mwaka kati ya Serengeti na Maasai Mara, upande wa Kenya. Baadhi yao wamevalishwa kola zenye GPS. Kola inazungumza na setilaiti, na mtafiti aliye mbali, hata Ulaya, anafungua kompyuta na kuona nyumbu kavuka mpaka. Mtalii anayetaka kumfuata nyumbu huyohuyo hawezi. Njia ya Bologonja, iliyounganisha hifadhi hizi mbili, ilifungwa kwa watalii pamoja na mpaka wote mwaka 1977. Mpaka ukafunguliwa tena 1983, njia ile haikufunguliwa. Mtu azunguke Sirari au Namanga.

Mpaka wenyewe ni zao la teknolojia, ile ya ramani na rula. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walikubaliana mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, umenyooka isipokuwa pale unapopinda kuuzunguka Kilimanjaro. Kipimo sahihi, lakini Mkurya hakuulizwa ndugu zake wabaki upande gani.

Leo Mkurya wa Tarime aliye karibu na mpaka hushika mtandao wa Kenya hajatoka hata nje ya uwanja wake. Simu inamkaribisha nchi ambayo hajafika! M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaja kwetu 2008, na sasa shangazi aliye Isebania anaweza kumtumia mtoto wa kaka yake, aliye Sirari, ada ya shule. Hapo nakubali kabisa kwamba -ana ipo. Pesa huenda na kurudi, na kila mmoja anamjua mwenzake kwa jina.

Ila Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, uwakala wa pesa kwa simu ukiwamo. Wakenya wakalalamika. Kijana wa Kitanzania anayetafuta kibanda cha uwakala ana hoja yake, siibezi. Lakini tazama kilichobaki: pesa ya jirani karibu, jirani mwenyewe akikaa kibandani ni tatizo.

Ubishi uliotugusa zaidi huku ni ule wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Shirika lililosajiliwa Kenya lilifungua kesi mwaka 2010 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, na Juni 2014 mahakama ikaizuia serikali yetu kuijenga barabara hiyo kwa lami kama ilivyopangwa. Mimi naiona hukumu ile kuwa ya haki. Nyika ni moja. Ukiwaziba nyumbu huku, umemwibia mtu wa Narok. Lakini nyumbu alikuwa na watu wa kumsemea nchi mbili, na njia yake ilikuwa imechorwa kwenye ramani. Mama mjamzito anayekwenda hospitali Mugumu kwenye matope ya Aprili, njia yake haina kola. Najua hukumu haikugusa barabara za vijijini. Ninachouliza ni nani anaonekana nchi zinapozungumza.

Na mkulima wa Robanda? Tembo wanaoingia shambani kwake usiku, baadhi yao nao wana kola. Ramani ya njia zao iko kwa wengine. Yeye ana tochi na debe la kupiga. Kama taarifa za kola zinafika Ulaya, basi zifike na Robanda, na kwa wafugaji wa upande wa Mara pia, kwa ujumbe mfupi wa simu: tembo wako kilomita mbili kutoka kwako. Na mkulima naye apewe namba ya kujibu: wameshafika, wako kwenye mahindi.