Maana ya Nakshi

Je, ni halali kukitungia maana kitu cha kale ili kipate mnunuzi? Wengine husema hapana ubaya, maana mnunuzi hufurahi na muuzaji hupata riziki. Sisi hatukubali, na sababu zetu ni hizi.

Tazameni kwanza mazulia ya sufu. Zulia la Ardabil, la Uajemi, liko London katika jumba la Victoria and Albert. Limefumwa ndani yake jina la Maqsud Kashani na mwaka 946 wa Hijra, yaani 1539 au 1540. Lina picha za taa mbili, moja kubwa na moja ndogo. Wengine husema ni ili aketiye upande wa taa ndogo azione sawasawa. Wengine, kwamba fundi aliacha kasoro kwa makusudi, kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu peke yake. Yote mawili ni mazuri, lakini sababu yenyewe haikuandikwa zuliani. Kadhalika zulia la Pazyryk, lililofukuliwa Siberia mwaka 1949 katika kaburi lililoganda barafu, lina umri upitao miaka 2,000. Twaona kulungu na wapanda farasi; maana yao walikwenda nayo waliolifuma.

Basi, jambo hili latuhusu na sisi wa Mara. Mgeni wa Musoma, Bunda au Butiama akiuona mkeka wa ukindu huuliza, "Mistari hii myekundu maana yake nini?" Muuzaji asiyejua hujibu upesi, "Ni damu ya mashujaa." Huenda bibi aliyeusuka alitumia nyekundu kwa sababu ilimpendeza tu, na kupendeza nako ni maana.

Hatumkatazi mtu kuona mfano katika nakshi. Aseme, "Mimi naona hivi", asiseme, "Ndivyo walivyosema wazee." Maana mwongo humwibia mnunuzi fedha kidogo, lakini humwibia msukaji kauli yake, na uongo ukirudiwa na watoto, neno la bibi huzikwa pamoja naye.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tuwatume wanafunzi kwa bibi zao wangali hai. Wamwulize kila mmoja jina la msuko wake, na nani aliyemfundisha. Akijibu, "Sijui, ndivyo alivyosuka mama," na hilo waliandike vilevile, kwa kuwa ni kweli. Njia ya mwongo ni fupi. Bali neno la kweli, hata likiwa dogo, hudumu.