Wazazi wa Ushongo, Pole Hiyo Msiipokee

Mtoto kapangiwa mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi, kidato cha kwanza, na jirani anaingia uani kutoa pole utadhani kuna msiba. Wazazi wa Ushongo, pole hiyo msiipokee. Mpeni jirani kiti, mumweleze historia, maana hofu yake ina chimbuko, na chimbuko lenyewe liko hapahapa mkoani Tanga.

Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyewapinga, mjini Pangani. Haikupita miaka mingi wakafungua shule ya serikali mjini Tanga, ya kwanza katika koloni lao la Afrika Mashariki. Mwaka 1893 reli ya kuelekea Usambara nayo ikaanza kujengwa kutoka mji huohuo. Mambo hayo matatu yalikwenda pamoja. Mtawala alikwisha kuishika pwani kwa bunduki. Sasa alitaka makarani wa kuandika kodi, maakida wa kusimamia vijiji na mafundi wa kushika nyundo. Shule ile ilifundisha kwa Kiswahili, ikawa na mafunzo ya ufundi, ikawa na mtambo wa uchapaji uliotoa gazeti la Kiongozi mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolikatiza mwaka 1916. Hebu fikirini: zaidi ya miaka mia moja iliyopita, shule ya mjini Tanga inachapa gazeti la Kiswahili linalosomwa koloni zima! Mikono yetu iliweza tangu zamani. Kilichokosekana ni uhuru wa kuamua imtumikie nani.

Waingereza nao wakaja na yao. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, ndani yake akiwamo Dakta Aggrey wa Gold Coast, ikihimiza elimu ya kilimo, afya na kazi za mikono kwa mfano wa shule ya Tuskegee kule Alabama, Marekani. Maneno mazuri. Ila shule ziligawanywa kwa rangi, Mzungu yake, Mhindi yake, Mwafrika yake, na mzazi Mwafrika alipopiga hesabu akaona mshahara na heshima vinamfuata mwenye kalamu. Shaaban Robert mwenyewe, mwana wa Vibambani, kuanzia mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha Pangani. (Leo tunamsifu kwa mashairi, siku zile nadhani wengi walimwonea wivu kwa ile meza.) Kwa hiyo aliyeikataa karakana ya mkoloni hakuwa mjinga. Alijua anaandaliwa awe kibarua.

Lakini mkoloni alikwisha kuondoka, jamani, na hofu ile bado tunaitunza.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe na shamba au karakana, na mwanafunzi mwenyewe apange kazi, aifanye, ahesabu faida na hasara yake. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha hesabu. Jembe likawa adhabu ya aliyechelewa namba. Hapo tuliharibu wenyewe, wala hakuna wa kumsingizia. Hata hivyo, miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo, na majina kama Tanga Ufundi, Moshi Ufundi na Ifunda yakawa na uzito. Kisha uchumi ukayumba, vifaa vikachakaa, na ufundi ukageuka kimbilio la aliyefeli. Sheria ya mwaka 1994 ilituletea VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Fikra zikabaki zilezile.

Sasa shukeni ufukweni mtazame mnachokidharau. Fundi wa dau analaza mkuku, anasimamisha mataruma, anaichonga mbao kwa tezo mpaka ikubali kukaa kwenye mkunjo, anatoboa kwa keekee, kisha anakalafati kila mwanya kwa pamba na mafuta. Hana mchoro. Anapima kwa macho na dhiraa, na chombo kinatoka kimelingana pande zote mbili, kinabeba watu mpaka kisiwani Maziwe na kuwarudisha. Hiyo ni jometri, na ni fizikia ya kuelea na ya upepo. Mtoto aliyekulia kando ya kazi hiyo anaingia darasani akiwa na mtaji ambao mwenzake wa mjini hana. Mpeni sasa kipimo kwenye karatasi, mpeni faiba, injini ya boti, umeme wa jua, na ujuzi wa kuandika bei na mkataba. Pampu ya hoteli ya hapo ufukweni ikigoma anaitwa nani? Kama anaitwa mtu kutoka Dar es Salaam, basi nauli yake ni riziki iliyompita kijana wa Ushongo mlangoni kwake. Na kule Chongoleani, Tanga, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kazi za namna hiyo hazimsubiri mchomeleaji asiye na cheti.

Na mabinti je? Zamani mvulana alipewa randa, msichana akapelekwa sayansikimu, basi. Binti akitaka umeme au makanika, mwacheni aende. Waya hauulizi umeshikwa na nani.

Ila nisiwadanganye: amali bila karakana ni jina tu. Mtaala mpya ulioanza kidato cha kwanza mwaka 2024 umefungua mlango. Wa kusukuma ni ninyi. Nendeni kwenye kikao cha shule muulize. Mwalimu wa fani yupo? Jiliwa ziko ngapi, na wanafunzi wangapi kwa kila moja? Kwa wiki watoto wanashika vifaa saa ngapi, na wananakili ubaoni saa ngapi? Mkijibiwa kwamba vifaa viko njiani, ulizeni tarehe, iandikwe kwenye muhtasari, na kikao kijacho muanzie hapo. Msione haya kuuliza. Shule ni yenu.

Nanyi wazee mafundi, msikae pembeni. VETA hupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, kwa hiyo aliyejifunza tezo kwa babu yake naye anaweza kutahiniwa akapewa cheti. Kichukueni. Kisha mwombeni mwalimu mkuu awaletee vijana pwani siku chombo kinapolazwa mkuku, waje na daftari na futi, wapime, wachore, waulize.

Kijana, wewe uliyepangiwa amali, usiende kwa kuinamisha kichwa. Hesabu zisome kwa bidii kuliko wote, maana fundi asiyejua hesabu atapunjwa maisha yake yote. Muhula ukifunguliwa, fika siku ya kwanza, na siku hiyohiyo uliza ufunguo wa karakana anao nani.