Kanisa Lililojengwa Juu ya Malalamiko

Fungua 1 Wakorintho 3:11. Paulo anatuambia msingi wa kanisa umeshawekwa, nao ni Yesu Kristo.

Mwaka wa 1831 kule Paris, Ufaransa, padri mmoja Mkatoliki, Ferdinand-François Châtel, alijitenga na Roma akaanzisha Kanisa Katoliki la Kifaransa. Na tuseme ukweli, malalamiko yake mengine yalikuwa na maana. Watu hawakuelewa Misa ya Kilatini. Yeye akaiongoza kwa Kifaransa. Mapadri hawakuruhusiwa kuoa, yeye akawaruhusu. Watu wakaja.

Mimi nilisomea biashara. Ukifungua duka kwa sababu tu umekasirikia duka la jirani, siku hasira ikiisha huna cha kuuza. Châtel alijua vizuri alichokataa. Alichokiamini ndicho kilizidi kupungua, hadi akafundisha kwamba Yesu ni mtu mwema tu, si Mungu. Hebu ona! Alianza kwa kuondoa Kilatini, akamaliza kwa kumwondoa Kristo kwenye kiti chake.

Padri Auzou, mwenzake, naye akajitenga na yeye, baadaye akarudi Roma. Mwaka wa 1842 polisi wakafunga kanisa. Miaka 11 tu! Lakini kanisa la Matendo pia lilipigwa marufuku, na halikufa. Châtel alifariki 1857, na kazi yake ikaishia hapo.

Kwa nini nawaambia haya? Mwezi jana watu wachache walinijia baada ya kesha. "Pasta, wewe anzisha tu, sisi tuko nyuma yako." Sitawadanganya, yalikuwa matamu masikioni. Nilifika nyumbani nikaanza kupiga hesabu ya viti na kodi ya ukumbi. Ndipo Roho akaniuliza: ukitoa malalamiko, kinabaki nini? Sikuwa na jibu.

Sisemi mtu asitoke kamwe. Hata wazee wetu wa imani walitoka mahali. Lakini toka kwa sababu umetumwa, usitoke kwa sababu umekasirika.

Jumanne nilienda kwa mchungaji wetu mkuu nikamweleza yote, hata zile hesabu. Tuliongea, tukaomba pamoja. Na wewe, kama una neno na ndugu yako, Mathayo 18:15 inakutuma kwake kwanza, ninyi wawili tu. Usilipeleke kwenye WhatsApp. Nenda wiki hii.

Mbarikiwe.