Mama Aliyekubali

Kila nikiangalia Vita, chapa saba za mbao ambazo Käthe Kollwitz alizitoa Ujerumani mwaka 1923, najiuliza: raia wa kawaida ni mhanga tu?

Humo hakuna mizinga wala adui. Kuna wajane, wazazi waliopiga magoti, akina mama waliokumbatiana kama ukuta huku watoto wakichungulia katikati. Ni rahisi kuwahurumia na kuishia hapo. Lakini kuna chapa iitwayo Sadaka: mama anamwinua mtoto mchanga, yaani anamtoa.

Mwaka 1914, Peter, mwanawe Kollwitz wa miaka 18, alitaka kwenda vitani. Baba alikataa. Mama ndiye aliyembembeleza baba akubali. Oktoba hiyo hiyo Peter akauawa Ubelgiji.

Wengine watasema, eti basi alilia nini? Mimi sikubaliani nao. Anayechonga mbao huondoa. Kinachobaki ndicho hushika wino, na ukishakata hurudishi. Angeweza kujiondoa kwenye hadithi, abaki mama mfiwa tu, na nani angemlaumu? Hakufanya hivyo.

Sisi hufowadi picha za vita na emoji ya machozi, kisha stori zinaendelea. Machozi si mabaya. Ila hatuulizi ni nani aliyepiga makofi kijana akiondoka.

Katika chapa ya Wajitoleaji, vijana wanamfuata Kifo akipiga ngoma. Aliye karibu naye kabisa ni Peter.