Kipimo cha Kununulia na Kipimo cha Kuuzia

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeusimamisha ulimwengu wake kwa uadilifu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, mara nyingi katika kurasa hizi tumesema juu ya sala na saumu na bidaa, na yote hayo ni mambo ya kusemwa. Lakini kuna mahali Muislamu hupitisha saa nyingi kuliko anazopitisha msikitini, nasi hatukupasemea, napo ni sokoni. Leo twataka kusema juu ya soko, na tutaanza na khabari iliyotupata sisi wenyewe, maana si haki mtu kuwanyoshea wengine kidole na mkono wake ni mchafu.

Mwezi wa Februari watu watano wa darasa yetu tulisafiri kuwazuru Waislamu wenzetu wa Ukambani. Tulipanda treni Mombasa tukashuka Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, na kutoka hapo tukashika njia ya gari inayovuka mto wa Athi, ikapita Ikutha na Mutomo hata ikafika mji wa Kitui. Ijumaa usiku tulilala katika mji mdogo ulio katika safari hiyo, na Jumamosi ilikuwa siku yao ya soko. Mji huo hatutautaja jina, kwa kuwa makusudio yetu si kumfedhehi mtu.

Watu wa Ukambani si wageni wa biashara, wala si wageni wetu. Katika karne ya 19 misafara yao ilikuwa ikishuka na pembe za ndovu hata Rabai na Mombasa, ikirudi na nguo na shanga na waya wa shaba. Kivoi wa Mwendwa, mkubwa wa misafara wa Kitui, ndiye aliyempokea Krapf mwaka 1849, na huko ndiko Krapf alikouona mlima wa Kenya, tarehe 3 Disemba mwaka ule. Baadaye wafanya biashara wa pwani nao wakapanda bara, wakakaa, wakaoa, wakasali. Hakuna askari aliyeupeleka Uislamu Kitui. Watu waliwatazama Waislamu kwanza katika kuuza na kununua, ndipo wakawasikiliza katika dini. Basi neno hili msomaji alishike, kwa kuwa ndilo tutakalolirudia.

Soko lile lilikuwa zuri kulitazama. Nchi yao ni kame, na mvua wanazozitegemea zaidi ni za vuli, za Oktoba hata Disemba. Kwa sababu hiyo Februari tulikuta mavuno yamo mikononi: kunde, mbaazi, mtama, na khasa zile ndengu ambazo sisi wa pwani twaziita pojo, zimemwagwa juu ya maturubali, kijani kitupu. Embe zilikuwa bado ziko. Asali imo katika chupa na vibuyu, na vyungu, na miko ya mti, na kamba za katani. Upande wa kivuli wameketi wanawake na vyondo vyao, na mikono haikomi kusuka hata wanapozungumza na mnunuzi. Mmoja alitueleza kuwa zamani nyuzi zilitoka katika maganda ya mbuyu, na sasa aghalabu ni katani, na kwamba yeye na wenziwe wamo katika mwethya, yaani chama cha wanawake cha kusaidiana kwa zamu.

Tulikaribishwa na ndugu Muislamu mwenye duka la nafaka pale pale sokoni. Ni mtu mwenye heshima, mwenye kuhudhuria jamaa, na paa la msikiti wao mdogo limetengenezwa zaidi kwa mali yake. Tuliketi kibarazani kwake tangu asubuhi, na kutoka hapo tukaona tuliyoyaona.

Watu wa huko hupima nafaka kwa gorogoro, nayo ni mkebe wa kiasi cha kilo mbili, kama vile wazee wetu walivyopima kwa pishi na kibaba. Mwenyeji wetu alikuwa na gorogoro mbili. Alipokuja mkulima kumuuzia pojo, ilitolewa gorogoro iliyopanuliwa ubavuni, tena ikajazwa kwa kilele hata pojo zikamwagika juu ya turubali lake. Alipokuja mtu kununua, ilitolewa ya pili, ambayo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani, nayo ikapanguswa juu kwa kijiti. Akaja bibi mmoja mzee na mfuko wake mgongoni. Kwa hesabu yake aliyoifanya nyumbani ulikuwa gorogoro kumi, na kwa hesabu ya duka ukawa nane. Hakubisha. Alisema tu, "Haya, mwalimu, wewe ni mtu wa Mungu, wajua," akapokea fedha akaenda zake.

Sisi tulikuwa watano, sote tumesoma, na hakuna aliyefungua kinywa. Baadaye kidogo chakula kililetwa, tukala.

Ndugu msomaji, sura ya 83 ya Qur'ani inaitwa kwa jina la watu wa namna hii, Al-Mutaffifin. Mwenyezi Mungu amewataja kwa alama mbili zinazokwenda pamoja: wakipokea kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia watu hupunguza. Twaisoma sura hii na kuihifadhisha watoto wetu, na siku ile tuliiona imekaa juu ya meza, gorogoro mbili ubavu kwa ubavu, tusiitambue, kwa kuwa mwenye gorogoro alikuwa mwenyeji wetu. Na kaumu ya Nabii Shuaib, watu wa Madyan, hawakuhimizwa tauhidi peke yake. Mtume wao aliwaambia wamwabudu Mungu, na papo hapo akawaambia watimize vipimo na mizani.

Usiku, baada ya Isha, mkubwa wa darasa yetu aliuliza kila mmoja ameona nini. Ilitubidi tuseme, na baada ya kusema ilitubidi tuende. Wawili wetu tulimwendea mwenyeji wetu kwa siri, kwani nasaha hutolewa faraghani, tukamweleza kwa adabu. Alinyamaza, kisha akasema:

"Maalim, mliyoyasema ni kweli, wala sina la kujitetea mbele ya Mungu. Lakini soko zima lina gorogoro mbili. Madalali huondoka kwa pikipiki kabla ya alfajiri, wakawangoja wakulima njiani, wakanunua kabla hawajajua bei ya mjini. Wengine hununua kwa lumbesa, gunia lililoongezwa kichwa, na mkulima akalipwa gunia moja. Nikipima sawa peke yangu, duka litafungwa kabla ya Ramadhani. Na je, kile kiondo alichokinunua mwenzenu leo, yule mama alitaka shilingi ngapi?"

Tulijua jibu. Mama yule alitaka shilingi 1,200. Alisema wazi kuwa ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na kwamba lazima apate fedha kabla ya jioni. Mwenzetu aliposikia hivyo alijua ameshinda. Akatoa 700, akaondoka hatua tatu, akaitwa, akapewa. Nasi tukamsifu kwa uhodari.

Atasema msomaji: kupatana bei si haramu. Ni kweli, si haramu. Lakini kupatana ni kwa watu wawili ambao kila mmoja aweza kusema hapana. Imepokewa katika kitabu cha Abu Daud katazo juu ya biashara ya mtu aliyebanwa na dharura, na ijapokuwa wanazuoni wameusema udhaifu wa isnadi yake, maana yake wameikubali wengi, wakasema kuwa mtu wa hali hiyo hufaa asaidiwe au akopeshwe, wala shida yake isifanywe ngazi ya faida. Na imesimuliwa kuwa Jarir bin Abdillahi, radhi za Mungu zimfikie, alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Alipomwona farasi alimwambia mwenyewe kuwa mali yake ina thamani zaidi, akaongeza, akazidi kuongeza, hata ikafika 800. Alipoulizwa, alisema kuwa alimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Huyo ni mnunuzi aliyejipandishia bei mwenyewe. Je, sisi tunaojiita wafuasi wa wema waliotangulia, tumewafuata katika ndevu tu?

Pengine mwingine atasema: yule mama si Muislamu. Udhuru huu ni mbaya kuliko kosa lenyewe. Qur'ani imetuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao, sembuse majirani waliotukaribisha katika nchi yao. Naye Mtume wetu (S.A.W.) alifanya biashara na Mayahudi wa Madina, na alipofariki deraa yake ilikuwa rahani kwa mmoja wao, hakumdhulumu wala hakudhulumiwa. Katika mji ule Waislamu ni wachache. Yule bibi hatasoma tafsiri zetu, wala hatahudhuria darasa zetu. Qur'ani atakayoisoma ni gorogoro ya mwalimu, na kiondo cha mgeni aliyevaa kofia.

Tazameni jinsi dini hii ilivyoyajua masoko. Mtume (S.A.W.) amekataza kuwaendea njiani wenye bidhaa kabla hawajafika sokoni, na akampa mwenye mali khiyari ya kuuvunja mkataba akifika akaona bei. Basi dalali wa pikipiki ana hukumu yake tangu miaka 1,400. Siku moja alipita penye chungu ya nafaka akatia mkono, akakuta ndani mna majimaji. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akamjulisha kuwa mwenye kughushi si katika wao. Na aliponunua nguo, naye mwenyewe ndiye mlipaji, alimwambia mpimaji apime na azidishe kidogo. Yaani katika kutoa, sunna ni kipimo kielemee upande wa mwenzio.

Tena twasema, serikali nayo ina wajibu wake, na si vibaya kuikumbusha. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya kusimamia masoko na biashara ya haki. Makueni walifungua kiwanda cha kusindika embe huko Kalamba mwaka 2017, ili mkulima awe na mlango wa pili asiwe mateka wa dalali. Hilo ni jambo jema, tena maslaha ya umma ni katika dini. Lakini mkaguzi wa mizani hawezi kuketi katika kila kibaraza. Mkaguzi wa kila kibaraza ni khofu ya Mungu.

Sasa, nini tulichofanya? Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba. Haki za waja hazifutiki kwa istighfari peke yake, mpaka haki irudishwe kwa mwenyewe. Asubuhi ya Jumapili yule mama hakuwapo sokoni. Tulimtafuta mkubwa wa mwethya wao, tukampa khabari, na zile shilingi 500 zikatumwa kwa simu zikamfikia mwenyewe. Mwenzetu alitaka jambo hili liandikwe, kusudi limtie haya mara ya pili.

Kwa mwenyeji wetu jambo lilikuwa zito zaidi, maana waliopunjwa kwake ni wengi, wala hawajui wote. Wanazuoni wamesema kuwa asiyempata mwenye haki humtolea sadaka kwa niaba yake, na akimpata siku yoyote humlipa. Alilikubali. Lakini aliuliza swali ambalo halikutupa usingizi: "Nikiitupa gorogoro hii, mtaninunulia nyinyi?"

Swali hili ni la haki. Tumezoea kusimama juu ya membari tukamwambia mtu aache haramu, kisha tukashuka tukanunua palipo rahisi, bila ya kuuliza urahisi ule umetoka kwa nani. Anayekula pojo zilizopunjwa kule hukaa Mombasa, naye ni sisi. Basi darasa yetu imeazimu mambo matatu. La kwanza, wenzetu wawili wenye maduka ya nafaka watanunua pojo zao kwake, kwa mizani iliyopigwa muhuri wa serikali, iliyowekwa mbele ya mkulima aisome mwenyewe. La pili, bei ya siku ile ya Mombasa atapelekewa kabla ya kila soko, aibandike ubaoni, mkulima aijue kabla hajafungua mfuko. La tatu, kila mmoja wetu mwenye duka atapima vyombo vyake vyote kabla ya Ijumaa ijayo, na kisichotimia kitolewe dukani.

Ndugu zetu, haya si makubwa. Lakini Uislamu ulipanda njia ile ya Ukambani kwa miguu ya wafanya biashara, na waliouleta wamekwisha kwenda kwa Mola wao. Amana sasa imo mikononi mwetu, tena imo ndani ya mkebe. Leo, kabla hujalala, kitazame kipimo chako. Na kama huna duka, ukumbuke mkono wako unapotoa bei kwa mtu mwenye shida.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyanyamazia, utupe ushujaa wa kusema kweli mbele ya anayetulisha, utuwezeshe kurudisha haki za watu kabla haijafika siku ambayo hakuna dinari wala dirham, na uzitie baraka biashara za waja wako wenye kutimiza. Amin.